Siku Kumi za Mbwa wa Mtaalamu

Katika miaka ile ya ruksa, Morogoro yetu ilijifunza kujenga kuta. Kabla ya hapo nyumba nyingi za maofisa zilizungukwa na michongoma, na jirani aliyehitaji chumvi alipita kwenye upenyo uliozoeleka. Kisha zikaja bidhaa, televisheni na majokofu ya mitumba, na pamoja na bidhaa ikaja hofu ya kuibiwa, na nyuma ya hofu wakaja mbwa. Mjini tuliwagawa mbwa wote wa duniani katika makabila mawili tu: mbwa koko na mbwa wa kizungu. Mbwa akiwa na masikio yaliyosimama na mgongo mweusi, basi ni wa kizungu, hata kama mama yake alizaliwa nyuma ya soko.

Mimi nilimpata wa kizungu wa kweli. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, ofisa mipango katika shirika la umma lililokuwa likingoja kuuzwa, na nyumbani sikuwa na cha kuibiwa ila redio na vitabu. Lakini nilikuwa na shahada, na kila nilipomtazama mbwa yule nilihisi kwamba ananistahili. Leo naliandika hilo kwa haya kidogo.

Alikuwa wa mtaalamu wa Kijerumani aliyefanya kazi katika mradi wa kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko ya Uluguru. Mradi ulipofungwa, mtaalamu akafungasha kwa haraka, akanikabidhi mbwa, mnyororo na bakuli la chuma, akamshika mbwa shingoni kwa muda mrefu, akaondoka bila kugeuka nyuma. Sikumwuliza swali hata moja. Sikuuliza anakula nini, anaogeshwa kwa dawa gani dhidi ya kupe, wala amechanjwa lini. Niliamini kwamba mbwa wa kizungu huja akiwa amekamilika, kama gari linavyokuja na tairi la akiba.

Nilimweleza mke wangu kwamba aina yake huitwa mchungaji wa Kijerumani.

"Mchungaji tunaye kanisani," alisema. "Huyu wa nyumbani atatuhubiria nini?"

Kwa kweli alituhubiria mengi. Manyoya yake mazito hayakuumbwa kwa joto la Morogoro, na mchana alilala juu ya sakafu ya veranda akihema kama mgonjwa. Kupe walijificha ndani ya masikio yake. Alikula ugali kwa dagaa kuliko sisi. Alihitaji kutembezwa, nami nilimtembeza jioni pale tu ambapo watu wangeniona. Nilimsemesha Kiingereza, kwa sababu sikuona lugha nyingine ya kumsemesha mbwa wa Mzungu. Nikimwambia "siti", anakaa. Nikimwambia "kamu", anakuja. Nikajiridhisha kwamba Kiingereza chake ni kizuri. Kiswahili ndicho kilichomshinda. Mke wangu akimkemea kwa kuchungulia jikoni, mbwa alimwendea huku anatikisa mkia na kumlamba magoti. "Hana adabu kabisa," mke wangu alisema, nami nilimtetea kwamba ni ugeni tu.

Jirani yetu wa upande wa mlimani alikuwa mama wa Kiluguru, mjane, Mwislamu mshika dini, aliyelima maharage na mboga huko juu na kuziuza sokoni. Nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu. Akikasirika aliniita msomi. Alipojua kwamba natoka Iringa hakuniacha salama.

"Huyo umemleta alinde," aliniuliza siku ya kwanza, "au ni kitoweo cha sikukuu?"

Watu wa kwetu tumeuzoea utani huo wa kwamba tunakula mbwa. Nilimjibu kwamba bado hajanenepa, naye akacheka mpaka akashika kiuno. Hata hivyo alinionya: mbwa asivuke. Mate ya mbwa yakimgusa ni najisi, na yeye ana sala tano kwa siku na maji ya bomba yanayotoka yakijisikia.

Jumamosi moja asubuhi mbwa alivuka. Lango nililiacha wazi mimi mwenyewe. Nilipenda wapita njia wamwone. Mama alikuwa ameanika mpunga kwenye mkeka uani, na mkononi alikuwa na fimbo ya kufukuzia kuku. Nilikuwa ndani nanyoa ndevu nilipomsikia.

"Koma! Koma wewe! Nasema koma!"

Kila alivyozidi kupaza sauti ndivyo nilivyosikia kucha za mbwa zikikimbia zaidi juu ya ardhi ngumu. Kisha ukasikika mchapo wa fimbo, mlio wa mbwa, na ukelele wa mtu. Nilipofika, povu la sabuni likiwa bado shavuni, mkono wake wa kulia ulikuwa unavuja damu chini ya kiwiko, na mbwa amejikunyata kando ya mkeka kana kwamba yeye ndiye aliyeumwa.

Mama hakulia. Alikwenda bombani, akachota udongo, akauosha mkono wote mara saba, ya kwanza kwa ule udongo na sita kwa maji mengi, huku midomo ikitembea. Mke wangu akamwongezea sabuni. Kisha tukampeleka hospitali. Muuguzi aliposimuliwa alitikisa kichwa.

"Udongo haukuhitajika, Mama. Lakini huko kuosha kwingine, wengi wangekuwa na bahati kama wangefanya kama wewe."

Alipewa sindano ya pepopunda na ya kwanza ya kichaa cha mbwa. Zilizobaki, daktari alisema, zingefuata zikifika kutoka Dar es Salaam. Kisha akaniuliza mimi: "Mbwa amechanjwa?" Watu wanne pale benchini walinigeukia. Nilisema sijui. Sijawahi kutamka neno dogo zaidi ya hilo nikiwa na shahada yangu.

Mchana ule ule alifika kaka yake Mama, ambaye kwa Waluguru ndiye mjomba wa watoto na msemaji wa nyumba. Alikuwa na panga.

"Mbwa yuko wapi?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbwa yuko wapi?"

Nilikuwa tayari kumwonyesha. Naikiri hofu yangu: nilitaka jambo lile liishe, na lingeishia kwa mbwa ningeshukuru. Aliyetuzuia ni bwana mifugo wa kata, mtu mwembamba wa maneno machache, aliyekuja kwa baiskeli baada ya kuitwa na mke wangu.

"Mzee, ukimkata leo, umeikata na habari tunayoitafuta," alisema. "Mwache hai. Afungwe, apewe chakula na maji, atazamwe siku kumi. Kama alikuwa na kichaa siku alipomuuma, hizo siku kumi hatazimaliza. Akizimaliza, dada yako hakuambukizwa."

"Na asipozimaliza?"

Bwana mifugo alimtazama Mama, si kaka yake. "Basi tutakwenda Dar es Salaam wenyewe kuzifuata hizo sindano, kwa basi la kwanza. Ugonjwa huu ukishaanza kwa mtu, hauna dawa."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa bendeji nyeupe. Alisema polepole, "Kumbe roho yangu mmeifunga kwa mnyororo kwa huyu msomi."

Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, akasimama upande wake wa ua. "Amekula?" "Amekula, Mama." "Maji?" Hapo hakuniamini kwa maneno. Alikuwa amesikia kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji, basi nilibeba bakuli, mbwa akanywa, na yeye akahesabu mikupuo. Kisha alirudi ndani bila kuaga. Kofia yangu ya usomi ilinianguka pale uani, asubuhi baada ya asubuhi, nikiwa nimeshika bakuli la chuma.

Siku ya nne sikuvumilia. Niliomba ruhusa kazini nikapanda mlima kumtafuta mpishi wa zamani wa mtaalamu, aliyekuwa amerudi kwao juu, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nilimkuta anapalilia. Alikuwa mzee mchangamfu, na kitu cha kwanza alichoniuliza baada ya salamu ni hali ya mbwa.

"Kachanjwa," alisema. "Nilimshika mimi mwenyewe. Lakini ilikuwa kabla ya masika ya mwaka juzi. Baada ya hapo, sina hakika."

Mwaka juzi haukutosha, kwa kuwa chanjo hurudiwa kila mwaka. Hilo hata mimi nililijua. Nikamsimulia tukio lote, jinsi Mama alivyomkataza na mbwa akazidi kumjia. Mpishi aliegemea jembe.

"Alimkatazaje?"

"Alimwambia koma."

"Alisema koma?"

"Mara tatu."

Mzee yule aliliacha jembe likaanguka, akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa kukumbuka kwamba kuna mtu ameumia. "Maskini wee! Kwa Wajerumani 'kom' ni njoo! Yule mbwa aliitwa! Kaitwa mara tatu, tena kwa sauti ya juu, akakimbia kama alivyofundishwa. Kufika, anapigwa fimbo ya pua!"

Nilisema kwamba mimi huzungumza naye Kiingereza, naye huelewa.

"Unamwambiaje?"

"Siti. Kamu."

"Na sisi tulimwambia 'zits' na 'kom'. Umebahatisha, baba. Huyo Kiingereza hajui."

Niliteremka mlima nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mbwa hakuwa amerukwa na akili, alikuwa ametii. Bwana mifugo alipolisikia alitabasamu, akasema kuuma kwa sababu ni afadhali kuliko kuuma bila sababu, lakini siku kumi ni siku kumi.

Mama nilimweleza mwenyewe, kwenye ua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani nilimkaribisha?"

"Ulimkaribisha, Mama."

"Na mgeni nikampiga."

"Ukampiga."

Aliutazama mkono wake wenye bendeji. "Kiswahili chote hiki tulichonacho, mwanangu, na wewe hukumfundisha neno moja." Hakusema kwa ukali, na kwa hiyo liliniingia. Mtu akichukua mnyama, amechukua pia jukumu la kumfanya aeleweke kwa majirani na majirani waeleweke kwake. Mimi nilichukua masikio yaliyosimama tu.

Asubuhi ya siku ya nane mbwa hakula. Nilimwekea ugali na dagaa, akanusa, akalaza kichwa juu ya miguu. Mke wangu alijaribu mchuzi, mbwa akageuza uso. Mama alipokuja na kuuliza "Amekula?", nilimgeukia mke wangu.

"Hajala," mke wangu alisema kwa niaba yangu. "Tangu jana jioni hajagusa kitu."

Nilitarajia Mama apige yowe. Badala yake aliangalia chini, akaivuta kanga yake begani.

"Ugali wenu atautakia nini," alisema hatimaye. "Mimi nampa vichwa vya samaki."

"Mama?"

"Kila siku, mkishaingia ndani. Na jana nilimrushia utumbo wa mbuzi, mwingi, wa kitoweo cha hitima. Sijamgusa! Namrushia kwa juu ya ua." Alituinulia uso, na alikuwa karibu kucheka na karibu kulia. "Mlitaka nifanyeje? Mnampa dagaa mnyama mkubwa vile. Afe kwa njaa, mimi nife kwa hofu?"

Bwana mifugo alimkagua, akamshika tumbo lililojaa kama ngoma, akasema mbwa huyu hana ugonjwa wowote ila shibe. Jioni alikunywa bakuli zima. Siku ya tisa alikula kila kitu.

Siku ya kumi ikapita, na asubuhi iliyofuata tulikusanyika uani: Mama, kaka yake bila panga, bwana mifugo na kisanduku chake cha barafu, mke wangu na mimi. Mbwa alisimama, akajinyoosha, akanywa maji mbele yetu sote bila kuombwa. Hakuna aliyehesabu mikupuo.

"Basi," alisema bwana mifugo. "Yamekwisha, Mama. U mzima kama ulivyokuwa." Kisha akanigeukia. "Sasa wewe mshike kichwa."

Nilimshika nikamwambia 'zits', akachomwa chanjo yake, nikapewa kadi yenye tarehe ya kurudi. Kadi hiyo niliibandika ukutani jikoni, mahali ambapo wageni hawafiki, na kwa miaka yote aliyoishi nasi sikukosa tarehe. Lango nililitia komeo wiki ile ile.

Kaka yake Mama alinipa mkono, akasema tu, "Haya." Mama alibaki kidogo. Alikuwa ameshika jembe, na begani ametundika kapu dogo la mbegu za maharage. Nilimwuliza kama hajachelewa. Wenzake wa mlimani walikuwa wameshapanda tangu mvua za kwanza.

"Nimechelewa sana," alisema. "Lakini ningepanda vipi? Kila nikishika jembe najiuliza, atakayevuna ni nani?"

Alilihamishia jembe kwenye mkono wenye kovu, akaujaribu uzito wake, akaridhika. Kisha akashika njia ya kupanda, kwa hatua za mtu aliyechelewa kazini, na mimi nikakaa kwenye ngazi ya veranda, nikamtazama mpaka migomba ilipomficha.