Piko Asubuhi ya Posa

Ndugu yangu, kabla hujapaka nywele rangi, jiulize kwanza mvi zako zina kazi gani. Mimi sikujiuliza.

Mpwa wangu Hamisi alitaka kuoa binti wa Kinole, kule milimani. Dada yangu akanituma mimi, mjomba, nikapeleke posa. "Wakiziona mvi zako watajua tumetuma mtu mzima," aliniambia. Nami, kwa kutaka kupendeza ugenini, asubuhi ya safari nikapitia kwa kinyozi wangu mjini, akanipaka piko kichwa kizima. Kioo kilinionyesha kijana wa miaka thelathini, na mimi nikakiamini.

Tulifika jua kali, tumeacha gari chini na kupanda kilima kwa miguu, jasho linatutoka. Wazee wa binti wakampita Hamisi, wakanipita na mimi, wakaenda moja kwa moja kwa Shabani, dereva wetu, kijana aliyeota mvi mapema. "Karibu, mjomba," wakamwambia, wakampa kiti cha heshima. Mimi nikaonyeshwa benchi la vijana. Shabani akapewa soda na kuombwa aseme kilichotuleta. Akabaki kunitazama.

Ikabidi nisimame. "Wazee wangu, mjomba ni mimi."

Bibi wa binti akanisogelea, nami nikainama, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Alipitisha kidole nyuma ya sikio langu, akakiinua wenzake wakione: cheusi tii.

"Marahaba," akasema. "Mzee tunaye. Ila bado hajakauka."