Nilitia sahihi karatasi nisiyoweza kuisoma, rafiki yangu akaungua mkono

Admini, jina langu limeze kabisa, la kiwanda pia, maana Kolwezi ni ndogo na mashemeji zangu ni wengi. Mimi ni baba wa miaka arobaini na sita, fundi wa pampu kwenye kiwanda kinachosafisha upya udongo wa mgodi wa zamani ili kutoa shaba na kobalti. Haya nayasema kwa mdomo, binti yangu mkubwa ndiye anayeandika. Ameshacheka mara mbili na hatujafika popote.

Sijui kusoma vizuri. Shule nilikwenda, fimbo za mwalimu ni mashahidi. Lakini herufi zikiwa nyingi zinanikimbia, na kichwa changu hakitulii: nikitumwa chumvi narudi na sabuni, tena nimefurahi. Mwaka jana mke wangu, Mama Ritha, alimpeleka mtoto wetu wa mwisho kwa daktari kwa sababu ya shule. Daktari akaeleza kwamba mtoto ana shida ya umakini, mwili hautulii, maandishi yanamchanganya. Mama Ritha akamkatiza: "Docteur, uko unaelezea mutoto ao uko unaelezea bwana yangu?" Basi na mimi nikaitwa, nikaulizwa maswali, nikapewa karatasi. Imeandikwa TDAH, pamoja na shida ya kusoma niliyozaliwa nayo. Miaka yote nilikuwa naitwa mjinga, kumbe kitu changu kina jina la herufi nne. Hata hizo nne nazichanganya.

Karatasi niliificha ndani ya Biblia. Kazini siri yangu ilijulikana na mtu mmoja tu.

Kwetu, kabla ya kufungua pampu, unafunga kwanza koki kubwa zinazoiletea maji yenye asidi, unatundika kufuli lako mwenyewe, na ufunguo unakaa nao wewe. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua. Sasa mpe mtu kama mimi ufunguo! Siku moja nilitoka kazini nikaenda kununua sombe, yaani kisamvu, ufunguo mfukoni, pampu imelala, kiwanda kinanisubiri. Gari la kazi likanifuata mpaka sokoni, dereva anapiga honi na kuita: "Tata Kadena! Tata Kadena, leta funguo!" Kadena ndiyo kufuli kwetu, na jina likaniganda. Tangu hapo Mama Ritha ananifunga ufunguo shingoni kwa kamba, kama mbuzi.

Anayejua siri yangu nimuite Tata Kabeya, shefu wa timu yetu. Kila asubuhi kuna fishi, karatasi inayosema ni koki zipi zifungwe. Tata Kabeya alikuwa ananisomea kwa sauti ya padri: "Somo la leo! Funga koki ya juu, kisha ile ya chini!" Wenzetu wanaitika "Amina!" wakidhani ni mchezo. Mimi nikisikia hivyo, inakaa kama wimbo. Na mimi nilimlipa kwa masikio: naweka chuma juu ya pampu, nasikiliza, namwambia ni nini kinakufa ndani. Miaka tisa tulikuwa mtu mmoja, yeye macho, mimi masikio.

Wiki tatu zilizopita, Tata Kabeya aliitwa ofisini kabla ya somo. Fishi ikabaki mkononi mwangu. Ningeweza kumsubiri. Lakini mwili wangu haujui kusubiri, na wenzangu walikuwa wananitazama. Nikashika mstari wa kwanza, nikafunga koki moja, nikatundika kufuli, nikatia sahihi chini kama mkubwa. Tata Kabeya akarudi mbio. "Umefunga?" Nikamwambia: "Nimefunga." Hakuangalia karatasi. Akatundika kufuli lake kando ya langu, akafungua pampu.

Kulikuwa na koki ya pili.

Tulimwosha ile asidi kwa maji mengi, anapiga kelele ambazo bado nazisikia nikila. Mkono wake wa kuume umefungwa bandeji toka kiwiko hadi vidole. Na wakubwa walipouliza, yeye akawahi: "Ni mi njo nilimusomea mubaya." Wakaona mimi nilimtii shefu tu; yeye wakamsimamisha kazi mwezi mzima, na ushefu wakamnyang'anya.

Nilikwenda kwake na kuku. Mke wake akanishika mikono yote miwili: "Tata, Mungu akubariki. Bengine hata kufika habakufika." Nilitamani anitukane. Tulipobaki na Tata Kabeya peke yetu, nikamwambia nitasema ukweli. Akanijia juu: "Ukisema, batatufukuza wote wawili! Weye juu ya kukosa kujua kusoma, mi juu ya kukuficha. Nina batoto batano, ndugu yangu. Nyamaza."

Nikanyamaza. Halafu Ijumaa shefu mkubwa akaniita, akanipa mkono. Kuanzia Jumatatu, shefu wa timu ni mimi. Eti sina kosa hata moja kwenye dosye, faili langu la kazi, isipokuwa lile la sombe, akacheka. Nami nikacheka naye. Nikikataa ataniuliza sababu. Nikikubali, nitasaini fishi za watu sita, na Tata Kabeya akirudi ataongezeka kati yao, na mkono mmoja. Mama Ritha anataka nipeleke karatasi ya daktari. Lakini daktari wa kiwanda akiandika kwamba sifai, nani atamchukua fundi wa umri wangu asiyesoma? Na swali la kwanza litakuwa: miaka tisa, nani alikuwa anakusomea?

Jana Tata Kabeya alinipigia simu, anajikaza kutania. "Shefu mupya! Jumatatu nani atakusomea somo?" Tukacheka kidogo, kisha yeye akakata simu.

Binti yangu hacheki tena. Ndugu zangu, nishaurini, na mwenye maneno mengi aniachie sauti, si maandishi. Jumatatu asubuhi watu sita watasimama mbele ya pampu na makufuli mkononi, wataniuliza, "Umefunga?" Niwajibu nini?