Kidogo, Kama Kila Mahali

Kanisani kwetu wanaume huleta soda. Ndivyo ilivyo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, tunapokula pamoja baada ya ibada: akina mama na masufuria yao, akina baba na katoni za soda, na mimi na maharagwe yangu ya nazi. Mimi ni mtu wa Tanga, siwezi kwenda shughulini na soda. Walinitania miaka yote kwamba sioi kwa sababu nilishaoa sufuria, nami sikujali. Nilikuwa nikitoka Penrith, pembezoni mwa Sydney, na sufuria hilo mapajani kwenye treni, limefungwa kwa taulo, na mchana nikirudi nalo jepesi. Kwa mtu anayeishi peke yake katika nyumba ndogo ya uani kwa watu, kurudi na sufuria tupu ni jambo kubwa. Sikuwahi kumwambia mtu hivyo.

Siku za kazi nilikuwa Wetherill Park, mtaa wa viwanda, kwenye maabara iliyobanwa katikati ya maghala mawili. Kazi yangu ni kupima mionzi kwenye udongo na maji. Tunaletewa udongo wa migodini, maji ya visima, wakati mwingine samaki walioshushwa bandarini Port Botany. Naukausha udongo, nauchekecha, naujaza kwenye kopo, kisha kopo naliweka ndani ya kasha nene la risasi, yale madini mazito, ili mionzi ya nje isiingie. Mashine inahesabu, mimi nasubiri. Kuna siku sisemi na mtu mpaka jioni, ukiondoa ile “morning” ya mlangoni.

Jambo la kwanza nililofundishwa pale ni kwamba hata kasha likiwa tupu, mashine huhesabu. Kuta zina kidogo, hewa ina kidogo, aliyeiwasha naye ana kidogo. Kwa hiyo sisi hatuandiki “hakuna”. Tunaandika kiasi tulichokiona, au tunaandika kwamba chini ya kiasi fulani hatuwezi kuona. Niliipenda sana kanuni hiyo. Mimi ni mtu wa kubishana juu ya nusu kijiko cha chumvi.

Ndipo ikaja video. Ilizunguka kwenye simu za watu wote wa kanisani: kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme, nchi ya mbali, kimevuja, maji yake yameingia ardhini na kutoka ardhini yameingia baharini. Kulikuwa na muziki wa kutisha na samaki waliokufa, ambao hakuna aliyejua ni wa bahari gani. Australia haina hata kinu kimoja cha namna hiyo, lakini woga hauombi viza. Wakanigeukia mimi, mtaalamu wao, nikiwa nimesimama mezani na mwiko mkononi.

“Mionzi ipo kila mahali,” niliwaambia. “Ndizi zina kidogo. Haya maharagwe yana kidogo. Hata mimi ninayo. Cha kuuliza ni kiasi gani.”

Nilidhani nimewatuliza. Dada mmoja Mkenya, mwimbaji wa kwaya, ambaye kwa kawaida hucheka kabla hujamaliza kusema, safari hii hakucheka. “Lisemwalo lipo, kaka,” alisema. “Kama halipo, laja.” Akaiweka sahani yake chini.

Mwezi uliofuata maharagwe yangu hayakuguswa. Hakuna aliyenisema vibaya, na bora wangenisema. Mmoja alikuwa amefunga, mwingine tumbo lilimsumbua, mwingine alijipakulia kijiko kimoja kwa heshima nikakikuta baadaye chini ya mifupa ya kuku. Mtoto aliyekuwa akinifuata kila mara kuomba aongezewe nazi alinijibu kwa Kiingereza kwamba mama yake amekataza. Watu waliokuwa wakinishika mkono wakaanza kunipungia. Nilirudi Penrith na sufuria zito mapajani, nikala maharagwe yale asubuhi na jioni siku nne mfululizo, kwa hasira. Mwezi wa pili ikawa vilevile. Mwezi wa tatu nilileta soda.

Nilijiuliza mara nyingi kama ningewaambia kwa namna nyingine. Lakini kweli ilikuwa ile, na mimi nilikuwa nimeisema vizuri, na ulimi wangu ndio ulioniponza. Nilikuwa mpweke, nisilizungushe. Nilikuwa mpweke kiasi cha kufurahi nikipigiwa simu na watu wa kuuza bima.

Aliyekuja kubisha mlangoni kwangu alikuwa mama mmoja Mkongomani, mzaliwa wa Uvira, anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Alishakimbia vita mara mbili kabla ya kuletwa hapa. Uani kwake alikuwa na tuta la lengalenga, mchicha wa kwao, na mwenye nyumba ndiye aliyeleta udongo wa tuta hilo kwa lori. Tangu ile video, mama alikuwa akiumwagilia mchicha bila kuula. Alinipeleka nikauone. Ulikuwa umerefuka mpaka kiunoni na kutoa mbegu.

“Mwanangu,” alisema, “ile udongo sijue ilitoka wapi. Wewe uko na mashine. Nipimie.”

Msimamizi wangu alikubali niiweke sampuli ya udongo wake kwenye mashine mwishoni mwa wiki, wakati haina kazi. Jumatatu nikasoma majibu. Ulikuwa udongo wa kawaida kabisa. Ulikuwa na kile kidogo ambacho ardhi huzaliwa nacho, na chembechembe za yale majaribio ya zamani ya mabomu ya nyuklia, zilizoangukia udongo wa dunia nzima. Kidogo, kama kila mahali. Nikachapa karatasi, nikampelekea.

Aliishika, akaitazama pande zote mbili, akanirudishia. “Sijue Kiingereza. Niambie na kinywa yako. Iko ao haiko?”

Nilifungua mdomo niseme iko kidogo. Nilikuwa nalo tayari hilo neno. Kisha nikaona jinsi alivyosimama, kisu cha kukatia mboga kimeshikwa nyuma ya mgongo, kama mtu aliyejiambia kwamba nikisema vibaya asionekane alikuwa akitumaini. Nikaliona pia akilini sufuria langu, zito mapajani, siwezi kukana.

“Haiko, mama,” nilisema.

“Aksanti, Mungu wangu,” alisema, na hapohapo akainama akaanza kukata. Siku hiyo nilikula lengalenga ya mawese mezani kwake mpaka nikalegeza mkanda.

Jumapili ya chakula alinilazimisha nilete maharagwe. Alijipakulia wa kwanza, sahani ikafurika, akasimama akawatangazia wote kwamba yule kijana amepima udongo wake na mashine ya serikali, haiko kitu. Mashine si ya serikali. Sikumsahihisha. Dada wa kwaya alifuata, akacheka, akasema mume wa sufuria amerudi. Mchana nilirudi nyumbani na sufuria tupu.

Sasa wananiletea vitu: maji ya tangi kwenye chupa, dagaa, udongo kwenye mifuko ya friza. Vya mwanzo nilivipima. Siku hizi wananiuliza tukiwa kwenye foleni ya chakula, nami nawajibu palepale, “Haiko.” Wananishika mkono. Watoto wanaomba nazi.

Ile karatasi mama ameikunja ndani ya Biblia yake. Hajawahi kumpa mtu amsomee, maana aliyeipima alishamwambia. Juzi alikaa karibu nami, akanionyesha video mpya kwenye simu, kinu kingine, maji mengine. Hakuwa na woga hata kidogo.

“Sisi tuko na wewe,” alisema. “Siku itakuwa iko, utatuambia. Si ndiyo?”

Nilimjibu ndiyo, akanipigapiga goti, akaendelea kula maharagwe yangu. Na katika Sydney nzima, mtu pekee ambaye ningependa kumweleza kwamba nilidanganya ni yeye.