Njia ya Kwenda kwa Margareta

Mama Margareta alivuka ziwa kutoka Kongo mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira. Mumewe, Zefania, alibaki nyuma kumuuguza mama yake. Badala ya kwenda kambini, Margareta alipokelewa na shangazi yake hapa Buzebazeba. Kila aliyekuwa akirudi ng'ambo, Margareta alimpa ujumbe uleule wa kumfikishia Zefania: ukishuka mwaloni, pale boti zinapotia nanga, shika njia ya miguu, usipinde popote, itakuleta mpaka uani kwangu.

Siku hizo mtaa wetu haukuwa na kuta. Njia ilipita katikati ya nyua za watu. Ukikatiza kwa mwenzio unapiga hodi, unasalimia, unaendelea na safari yako.

Kisha mji ukatupanda kichwani. Wenye viwanja walikuja wakapima, wakajenga kuta, kila mmoja akaelekeza geti lake kwenye barabara ya magari huko juu. Mwaloni palipokuwa pua na mdomo, sasa tunazunguka nusu ya kata. Wao wanaita maendeleo. Miguu yangu inaita kitu kingine.

Ukuta wa mwisho ulikuwa wa Bwana Oswald, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu, na ndio ulioikata njia ya Margareta. Tulimshauri Margareta naye azungushe ukuta, vibaka wamezidi. Akakataa katakata, akisema Zefania atapita wapi. Jioni moja tukiwa tumekaa uani kwake, aliinuka ghafla na kuitikia hodi ambayo mimi sikuisikia, akiutazama ukuta mtupu. Niliogopa, sikufichi.

Juzi Margareta aliugua, na Oswald akaja kumjulia hali. Katika kuchangamsha mazungumzo akasimulia kichekesho: mwaka ule alipojenga, mzee mmoja mwenye Kiswahili cha Kongo alipanda kutoka ziwani, akang'ang'ania kwamba hapo ipo njia ya kwenda kwa mke wake.

“Nikamwambia, mzee wangu, hapa hapajawahi kuwa na njia.”

Margareta akamuuliza yule mzee alisema nini.

“Alisimama sana pale ukutani. Akasema, basi walioniletea ujumbe wake walikuwa wananificha tu, mke wangu alishakufa. Akateremka zake ziwani.”

Hakuna aliyecheka. Oswald akatutazama mmoja mmoja, asielewe. Margareta alijifunika kanga mpaka mabegani.

“Kumbe matanga yangu yalishakaliwa zamani,” alisema. “Na Zefania si mtu wa kuishi peke yake.”