Mama, Malkia wa Nyota ya Chumvi

Harufu ya gundi ya moto, ile inayoyeyushwa kwa kifaa mfano wa bastola, hunikimbiza mpaka leo. Juzi mpwa wangu alikuwa akibandika kazi yake ya shule mezani, nikajikuta nimefungua madirisha yote katikati ya baridi. Nilimwambia kuna moshi. Moshi haukuwapo. Nilikuwa nimerudi jikoni kwetu mtaa wa Koekelberg, ughaibuni, nina miaka kumi, na mama ameinamia mkanda mpana, anaupachika sarafu za bandia huku sikio lake likiwa mlangoni, asije baba akaingia.

Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumapili aliimba kwaya kanisani. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, mama wa Kimoroko aliyeitwa Samira, alifundisha densi ya tumbo katika ukumbi wa mtaa. Mama alianza kumfuata kwa sababu ya mgongo, ndivyo alivyotuambia. Baba alikubali mgongo. Densi hakuambiwa.

Kila mwaka kundi la Samira lilialikwa kwenye maonyesho ya watu wanaopenda hadithi za sayari za mbali, majoka na wachawi. Watu wazima kabisa, wenye kazi zao, walishona mavazi mwaka mzima ili siku hiyo wawe mtu mwingine. Na palipotakiwa malkia wa jangwani, au mwanamke nyoka, au kuhani wa nyota fulani, aliitwa mcheza densi ya tumbo. Samira alicheka sana juu ya jambo hilo. "Kwetu hii ni densi ya arusi, shangazi zangu wanaicheza jikoni," alisema. "Hawa wameipeleka mwezini bila kutuaga."

Mwaka huo mama angekuwa Malkia wa Nyota ya Chumvi. Wenzangu wangefurahi. Mimi sikulala vizuri wiki nzima, kwa kuwa nilijua kilichokuwa chini ya ule mkanda.

Mama alikuwa na kovu. Lilianzia ubavuni, likapinda kama njia ya mlimani, likaishia chini ya kitovu. Aliumizwa na kipande cha bomu walipokuwa wakikimbia vita Bukavu, akashonwa haraka kambini. Nililiona mara moja tu, mlango wa bafu ulipokosa kufungwa. Alinishika mabega akaniambia polepole, "Usiambie muntu. Hata papa yako, usimukumbushe." Nikalibeba jambo hilo kama mtoto anayevuka barabara na bakuli la mafuta mkononi.

Jumamosi ilipofika, mama alinishika mkono, akamuaga baba kwa sauti nyepesi: "Bon, tunaenda ku salon na Neema." Kwa Kifaransa maonyesho huitwa salon, na mahali pa kusukia nywele vilevile. Baba akatutakia nywele njema. Ndani ya treni ya metro niliwaza jambo moja tu: tutarudije na vichwa vilevile?

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuingia. Viumbe wa kijani walikula chipsi. Shujaa mwenye mabawa alishindwa kupita mlango wa choo, ikabidi asukumwe kutoka nyuma. Siku nyingine ningecheka. Nilishikilia mkoba wa mama, nikitazama kila uso kama ni wa mtu wa kanisani.

Nyuma ya pazia, mama alipokuwa akijifunga mkanda, nilisikia sauti ndogo, tak, kisha sarafu zikamwagika sakafuni. Gundi ilikuwa imeachia na kifungo kimevunjika. Samira alipiga magoti kutafuta pini. Jukwaani walikuwa tayari wanamtaja Malkia wa Nyota ya Chumvi.

"Maman, inaonekana," nilimwambia. Nilimpa shali yangu ajifunge.

Aliitazama shali. Akajitazama tumbo, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa sana nyumbani. "Maji ukiivulia nguo, lazima uoge," alisema, akanirudishia. "Na miye nguo nimeisha kuvua, Neema."

Akatoka.

Sikumbuki muziki. Nakumbuka taa nyeupe, na kovu likipanda na kushuka na tumbo lake, liking'aa kwa jasho. Nilikuwa nikingoja mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Watu walipiga kelele za furaha mpaka nikaziba masikio.

Aliposhuka, mwanamke mwenye magamba ya samaki usoni alimkimbilia, akainama karibu na tumbo lake. Alisema hajapata kuona pambo zuri hivyo. Amelitengeneza kwa kitu gani, kwa mpira au kwa nta?

Mama alimjibu kwa Kifaransa, bila ukali: "Si pambo, madame. Ni langu."

Yule mwanamke akainuka. Nilidhani ataomba radhi na kukimbia. Alisema tu, "Basi malkia ni wewe kweli," akaomba kupiga picha naye. Mama akakubali.

Picha hiyo, iliyosambaa mtandaoni, ndiyo iliyotufikisha pabaya. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Maman Odette, kiongozi wa kwaya, alimwendea baba na simu yake mkononi, picha ya mama ikiwa kiooni. "Papa Neema, angalia. Si bibi yako huyu? Tumbo inje!"

Baba aliishika simu kwa muda mrefu. Kisha akairudisha, akashukuru, na ndani ya basi akaketi kiti cha mbele, mbali nasi, mpaka nyumbani.

Nilijificha kwenye korido nikiwa nimevaa viatu bado. Nilikuwa nimeshaamua nitahamia kwa Samira wakiachana.

"Uliniambia unaenda ku salon," baba alisema.

"Nilienda ku salon."

Birika lilianza kuchemka, hakuna aliyelizima.

"Donc, bantu bote baliona," alisema. "Na miye, bwana yako, miaka yote hii sijaonaka. Unazimaka taa, nanyamaza."

"Haukuuliza."

"Niliogopa kuuliza."

"Na miye niliogopa uulize," mama alijibu, na sauti yake ikakatika.

Nikasikia kiti kikisogezwa. Baada ya hapo mlango wa jikoni ukafungwa taratibu, na sikusikia tena.

Wakati ule niliona nimenusurika tu: hawakuachana, nami sikuhamia ghorofa ya pili. Nilidhani baba alikasirikia aibu ya kanisani. Ilinichukua miaka, na ndoa yangu mwenyewe, kuelewa kwamba kilichomuuma ni kuona watu wasiomjua mkewe wamemtangulia. Yeye alikaa kimya kwa heshima, mama akajificha ili asihurumiwe, na mimi katikati nikilinda siri ambayo kila mmoja alikuwa nayo.

Mwaka uliofuata baba alikuja nasi kwenye maonyesho, amevaa suti yake ya kanisani na tai. Kijana mmoja mwenye masikio marefu alimkagua toka juu mpaka chini, akamuuliza kwa adabu yeye ni nani, wa hadithi ipi.

"Miye?" baba alisema, akielekeza kidole jukwaani, kwa mama. "Miye ni bwana yake."