Wale Ambao Wifi Hakuwasalimia

Wifi yangu alikuja huku kwa ajili ya ndoa, si kwa kupenda. Mdogo wangu, ambaye ni bwana shamba, alihamishwa, na mkewe akaacha kazi katika hospitali kubwa ya mjini, ofisi yenye feni na jina lake mlangoni, akafunga virago. Alikuwa mwanasaikolojia. Neno lenyewe liliwatoa watu jasho kulitamka, wakaamua kumwita daktari wa vichaa. Mimi nilikuwa nakasirika kila nikilisikia, maana hasira zangu zipo karibu na mdomo wangu hauna breki.

Alitafuta kazi mpaka viatu vikalika upande. Alianzia shule ya sekondari. Mwalimu mkuu akamsikiliza vizuri, akamnunulia soda, kisha akamwambia kama anaweza kufundisha hesabu aje kesho. Ofisi ya ustawi wa jamii alikuta kufuli, na mlinzi akamweleza kwamba afisa huja akijisikia. Kwenye kituo cha afya daktari mkuu alicheka, tena bila ubaya, alikuwa mtu aliyechoka tu.

“Dada yangu, hapa sina glavu, sina mkunga wa pili. Nikaombe mtu wa kuongea na watu? Hawa wanaongea wenyewe bure kutwa nzima.”

Basi wifi akajifungia ndani. Akaacha kusuka nywele. Nikienda kumwona saa za mchana namkuta kitandani na nguo za jana, sufuria zimelala na masizi yake. “Wifi, mimi naoza,” aliniambia siku moja. Hakuwa akilia. Ningemwona analia ningepata nafuu.

Mimi nashona. Cherehani yangu iko barazani, mkabala na geti la kituo cha afya, na makoti yote ya daktari yamepita mikononi mwangu. Nikamganda. Kila akija kupimwa namuuliza habari ya wifi yangu huku nimeshika pini, mpaka akasalimu amri. Akatoa stoo ya vitanda vibovu, akaweka sharti moja: afisa wa wilaya atakuja kukagua mwisho wa msimu. Akikuta watu wakingoja kwenye benchi nje ya mlango wa wifi, wifi ataombewa ajira ya kudumu. Akikuta benchi tupu, vitanda vinarudi ndani.

Tukaisugua ile stoo kwa sabuni na brashi, wifi na mimi. Nikamshonea pazia.

Kilichompatia watu ni salamu. Alijifunza haraka kwamba huku mtu huwezi kumtupia salamu ukapita. Unasimama, unauliza goti linaendeleaje, paa limezibwa, yule mtoto mwenye kikohozi amelala vipi. Wifi akawa bingwa. Alikuwa akitoka nyumbani mapema ili salamu zimtoshe njiani, na wazee wakaanza kumsifia mdogo wangu kwamba ameoa mtu. Taratibu watu wakaanza kwenda kwake. Walijifanya wanakuja kupima presha, kisha wanazunguka nyuma na kuingia kwake. Nani na nani, wifi hakuniambia kamwe. Nilimchokonoa kwa kila hila ninayoijua, akawa kimya kama maji mtungini. Lakini alisuka nywele. Alianza kuimba akiosha vyombo, na mdogo wangu akarudisha mwili.

Sasa kulikuwa na mwenye mashine ya kusaga, tukimwita Bwana Unga kwa kuwa hata nyusi zake zilikuwa nyeupe. Mtu wa kicheko, unamsikia anacheka juu ya mngurumo wa mashine. Asubuhi moja alikuwa barazani kwangu ameniletea suruali iliyochanwa na mkanda wa mashine. Wifi akapita. Akanisalimu mimi, akamsalimu muuza mboga tunayemwita Redio, akamsalimu hadi bibi mmoja aliyekuwa amesinzia. Kwa Bwana Unga wifi akapita kama anapita nguzo. Mwenyewe akainamia suruali yake akawa anatafuta tundu ambalo tayari nilikuwa nimeshalishika mkononi. Nikadhani wamegombana.

Redio hakuona hivyo. Redio alikaa na jambo lile wiki nzima, akilichambua pamoja na mchicha wake. Kisha akaja kwangu macho yakimwaka.

“Fundi, nimeng’amua. Wifi yako ana watu asiowasalimia. Bwana Unga. Yule mjane wa kule bondeni. Karani wa ghala. Na wote nimewaona wakizunguka nyuma ya kituo. Wale ndio wagonjwa wake!”

Nilimfukuza na mchicha wake, lakini nani ameweza kuzima redio hiyo? Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Vijana wa bodaboda wakaufanya mchezo. Wifi akionekana, wanajipanga mstari wima kama askari wakingoja salamu, na akitokea aliyerukwa wanapiga makelele: “Wewe tayari! Wewe tayari!” Watu wazima na akili zao wakawa wanamkimbilia wifi njiani kumsalimu wao kwanza, kwa sauti, ili waitikiwe mbele ya mashahidi. Yeye akadhani anapendwa.

Aliyeumia ni Bwana Unga. Wanawake walianza kupeleka nafaka zao mashine ya mbali, wakibeba ndoo kichwani juani. Mashine ina mkanda na meno, walisema, utamtumaje mtoto kwa mtu ambaye kichwa hakijatulia? Nilipita pale mchana nikamkuta amekaa juu ya debe lililopinduliwa, mashine imezimwa, nyusi zake nyeusi. Sikuwahi kujua kwamba ana nyusi nyeusi.

Nikaenda kwa wifi nikamwambia yote bila kumumunya. Alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini.

“Ndivyo tulivyofundishwa, wifi,” alisema. “Ukikutana na mteja nje usimsalimu wewe kwanza. Asije akaulizwa na aliye naye, huyu unamjuaje? Unamwachia yeye. Akitaka atakusalimu, asipotaka unapita. Hiyo ndiyo siri yake unayomtunzia.”

“Mjini.”

“Mjini hakuna anayemsalimu mtu.” Akajifuta mikono kwenye kanga. “Kwa hiyo mimi ndiye niliyewataja. Mmoja mmoja, barabarani, mchana kweupe.”

Akasema kesho atamsalimu kila mtu, na sababu atamweleza Bwana Unga siku yake ya kuja kituoni itakapofika. Kungoja hakuweza, kila siku ilikuwa inamnyang’anya yule mtu riziki.

Asubuhi akaenda moja kwa moja hadi mlangoni pa mashine, watu wapo, bodaboda wapo, mimi nipo nyuma yake. Akasimama kabisa. “Habari za kuamka, Bwana Unga? Mashine imeamkaje?”

Kisha kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele, “Bwana Unga amepona! Ameachiwa!” Watu wakaangua kicheko, na Bwana Unga akacheka kuwashinda wote. “Salama, dada! Nimepona!” Alasiri ndoo zilikuwa zimerudi, na nyusi zake nyeupe tena.

Siku yake ikafika, hakuja. Wifi alingoja mlango wazi mpaka daktari akafunga geti. Siku nyingine tukachukua ndoo ya nafaka, mimi naye, tukaenda. Bwana Unga akamimina, akasaga, akafunga mfuko. Alipozima mashine wifi akamwambia polepole, “Ile salamu haikuwa ya kukuaga. Njoo.”

Alitazama mlangoni kwanza kama kuna mtu. “Dada, nikionekana kule tena watanikimbia. Nitakula nini? Wewe nisalimie tu hivyohivyo. Nisalimie kwa nguvu.”

Wifi akawa anamsalimu kwa nguvu. Kila asubuhi. Naye anaitikia kwa nguvu zaidi, anacheka, watu wanacheka, na wifi anarudi nyumbani uso umemsawajika hataki kula. Alichokuwa anakijua kuhusu yule mtu alikijua peke yake. Nilikasirika, nikamwambia aniambie basi tusaidiane. Akatikisa kichwa. Mjane wa bondeni naye aliposalimiwa akajihesabu kapona. Karani akahama njia kabisa. Mgeni gani angeenda tena kukaa kwenye benchi lile, mtaa mzima ukimhesabu?

Afisa wa wilaya alikuja, akaona pazia langu, akalisifu. Akaona benchi. Daktari mkuu alijitahidi, akasema watu wa huku wanahitaji muda. Afisa akauliza watu wenyewe wako wapi. Siku ya pili vitanda vilirudi ndani, na wifi akaja barazani kwangu na pazia amelikunja chini ya kwapa. Nikampa kiti.

Mashine haikunguruma asubuhi moja baada ya hapo. Wenye ndoo waligonga, wakaita, wakavunja mlango. Alichojifanyia Bwana Unga sitakisimulia, waliokiona wanatosha. Wifi alikuwa barazani kwangu kelele zilipoanza. Hakuuliza kuna nini. Alishika ukingo wa cherehani yangu, akasema, “Nilijua,” basi, akaketi chini sakafuni.

Msibani kila mtu alikuwa na la kusema: mtu wa watu, mcheshi, hakuwa na dalili yoyote. Redio alilia kuliko wote na nilitamani kumtoa nje kwa nywele. Dada wa marehemu alikuwa amesafiri kutoka mbali, hamjui mtu. Alipita akishika mikono ya waliokaa, akimuuliza kila mmoja alimjuaje kaka yake, akitafuta hata kidogo cha kuondoka nacho. Mwenye ndoo akasema alikuwa anamsagia. Mimi nikasema nilimshonea suruali.

Akamfikia wifi. Redio akaacha kulia ili asikie.

“Tulikuwa tunasalimiana,” wifi akasema.

Dada wa marehemu akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Akasema amefarijika, kwamba kumbe kaka yake aliishi mahali ambapo watu wanajuliana hali.