Udongo wa Membe

Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, zawadi aliyoniletea mume wangu ilikuwa udongo. Viroba kumi na tano.

Nilikuwa ndani, arobaini haijaisha, mama mkwe ananilinda kama mfungwa. Nikamsikia mume wangu uani anajisifu: "Mama watoto, utakula mchicha mpaka uukimbie!" Akapanda mbegu humohumo kwenye viroba, na mchicha ukaota kama umetumwa. Nikala, maziwa yakajaa. Harufu ya mavi ya ndege niliisikia, nikawasingizia bata wa jirani.

Arobaini ilipokwisha, nikangoja bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, nikamfunga mtoto mgongoni, nikavuka kwa miguu na shoga yangu kwenda kisiwani kuokota chaza. Kisiwa chenyewe ni mwamba. Juu tu ndipo palipo na tandiko la udongo mweusi, vidole vitatu kwenda chini, na hapo membe, wale ndege wa baharini, hutaga kila msimu wa kusi. Membe hawajengi. Wanakwaruza kishimo cha ukubwa wa kisahani, yai likae, basi. Tangu mdogo mama yangu alinifundisha kupita mbali.

Safari hii nikakuta alama za jembe. Upande mmoja wote umebaki jiwe. Waliotaga pale mayai yamewabingirika, yamepasukia kwenye nyufa. Membe mmoja alikuwa amelalia mwamba mtupu, hana yai, amelala tu.

"Shoga," nikasema, "mume wangu mwizi."

"Kaiba nini tena?"

"Vitanda vya uzazi."

Nilifika nyumbani hata chaza sijatua. "Ule udongo umeutoa wapi?"

"Kisiwani. Mbolea ya bure, haina mwenyewe."

"Mwenyewe kaukalia!"

Mama mkwe akaingilia. "Mkamwana, unamgombeza mumeo kwa ajili ya ndege?"

"Mama, ningenyang'anywa godoro siku ya uchungu, ungenyamaza?"

Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Kisha akamgeukia mwanawe: "Rudisha."

Zikamchukua siku tatu, maana maji hayangoji mtu. Kila siku yalipotoka, anavuka mara tano, kiroba begani, mchicha unamchezea sikioni. Vijana wa pwani hawakumwacha. "Kaka, unahama?" "Kafukuzwa, anakwenda kulima kwa ndege!"

Mimi nyuma na mtoto, nasimamia. "Mwaga kwenye jiwe tu. Tawanya kwa mkono. Usishindilie! Na huko kwenye mayai usisogee." Membe wakamzunguka wakipiga kelele, mmoja akamnyea kichwani.

"Mbolea ya bure," nikamwambia.

Alinuna, lakini nilijua anachoogopa, kwa sababu nami nilikiogopa: kwamba tumechelewa, hawatataga tena msimu ule.

Mabamvua matatu baadaye, kama mwezi na nusu, tukaenda kutazama, yeye ndiye aliyembeba mtoto. Hawakurudi wote. Sehemu nyingine udongo ulikuwa umepeperushwa na upepo, jiwe linaonekana. Lakini pale ulipokaa, mchicha ulikuwa umeshika, na chini ya majani yake makinda yamejibanza kivulini, rangi ya mchanga, midomo wazi kwa joto. Nilihesabu saba, nikapotea, nikaanza tena.

Mume wangu akachuchumaa kwa mbali, akiyatazama, nikadhani amepata adabu.

"Mama watoto," akanong'ona, "tukichuma mchicha kidogo tu, wa pembeni?"

Nilimwangalia.

"Basi," akasema, akanyanyuka kurudi taratibu, anatazama anapokanyaga.